Kamba ya Kufuli

Mteja alitoka mbio ndani ya kibanda cha kinyozi, shuka jeupe likipepea shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, upande wa pili una nywele zake zote. Nyuma yake likafuata beseni la maji ya sabuni, nyuma ya beseni kiti cha plastiki, na nyuma ya kiti mbwa mkubwa wa rangi ya majivu, anaburuza kamba na kubweka mpaka sauti inamkauka. Wa mwisho kutoka alikuwa mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni na kandambili mguu mmoja tu.

"Kufuli! We Kufuli! Njoo hapa, mshenzi wewe!"

Kinyozi alisimama mlangoni na ufagio mkononi, akihema. Kutoka chini ya meza yake ulisikika mlio mwembamba wa mbwa mwingine. Huyo alikuwa jike mzee wa kahawia ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, na ambaye miaka yote alikuwa akilala kwenye kizingiti cha kibanda kile bila kumkera mtu. Kosa lake lilikuwa moja tu, kuwa mbwa.

"Fundi," kinyozi alisema kwa sauti ya mtu anayejizuia, "huyu mnyama wenu mmemtoa wapi? Jehanamu?"

"Nisamehe, kaka yangu. Kamba imenichoropoka."

"Jana ilikuchoropoka. Juzi ilikuchoropoka. Hiyo ni kamba au samaki?"

Mwanamke aligeuka kumfuata mbwa. Alikuwa fundi cherehani, na ndilo jina alilobaki nalo. Hata mumewe alimwita Fundi. Alishonea kwenye baraza ya nyumba waliyopanga, mkabala na kibanda cha kinyozi, na kwa muda wote aliokaa pale hakuwahi kugombana na mtu. Sasa alikuwa katikati ya barabara, mguu mmoja mtupu, anamkimbiza mbwa ambaye hata hakumtaka, mbele ya mwanamume mwenye nusu ya nywele anayeuliza kwa uchungu nani atammalizia kichwa.

Alimkamata Kufuli penye mtaro. Mbwa alipoacha kumwona Bibi, alinyong'onyea papo hapo, akauegemeza mwili wake mzito kwenye miguu ya Fundi, anatetemeka. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Angekuwa mbaya tu, angemchukia kwa raha zake.

Kwenye geti la nyumba, mama mwenye nyumba alikuwa amesimama, mikono kiunoni, ameona kila kitu.

"Nimenyamaza," alisema. "Nimenyamaza kwa sababu nakuheshimu. Lakini sasa nasema. Mwisho wa mwezi wanakuja kuchanja mbwa kule uwanjani. Mbwa wote wa mtaa huu watapangwa foleni. Huyu wenu achanjwe kama wenzake, tena bila kuleta fujo. Asipochanjwa, hakai ndani ya ua wangu. Akiuma mbwa wa watu, ondokeni pamoja naye."

"Mama, tutajitahidi."

"Msijitahidi. Mfanye."

*

Kufuli aliingia nyumbani kwao siku ile ghala lilipofungwa. Mume wa Fundi alikuwa mtunza ghala la rangi na mabati, kazi aliyoifanya mpaka watu wakamsahau jina lake wakamwita Stoo. Matajiri wa ghala walipohamisha mali na kuweka mnyororo getini, walimsahau mbwa ndani, au walijifanya kumsahau. Stoo alirudi nyumbani jioni ile hana kazi, ana mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa amekulia kati ya kuta ndefu tangu akiwa mtoto, hajawahi kuona mbwa mwenzake. Watu aliwajua. Magari aliyajua. Lakini kiumbe chenye miguu minne, mkia na harufu kama yake kilimpa kiwewe.

"Ni woga tu," alisema mama yake Stoo, aliyekuwa akiishi nao, kutoka kwenye mkeka wake. Alikuwa kikongwe mwenye macho hafifu na masikio makali. "Mnamwonea bure. Mtoto wa watu amelelewa peke yake."

"Mama, huyu si mtoto wa watu," Fundi alisema akikunja suruali ya mteja. "Ni mbwa. Na ametupa beseni la kinyozi barabarani."

"Beseni linaokotwa."

"Na kichwa cha yule mteja?"

Kikongwe alicheka mpaka akakohoa. Stoo hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kona ya chumba, mahali alipokaa siku zote tangu ghala lifungwe, redio ndogo sikioni. Alitoka alfajiri watu wakiwa hawajaamka, akarudi watu wakiwa hawajatoka. Mtu akibisha hodi, alihamia chumba cha ndani. Akikutwa mlangoni akaulizwa "Habari za kazi?", aliitikia "Nzuri" na uso ukamjaa damu.

"Huyo mbwa hana adabu, basi," alisema sasa. "Hajui nani mkubwa. Kesho nampeleka dampo, kule kwenye mbwa wengi. Atabweka, atachoka, atazoea. Ndivyo inavyofanywa."

"Nani alikwambia ndivyo inavyofanywa?"

"Nimekaa naye miaka mingapi? Namjua mimi."

Fundi aliibana sindano kati ya midomo, asije akasema lililomjia.

Kesho yake Stoo alitoka na mbwa kabla ya jua. Walirudi mapema kuliko ilivyotarajiwa. Mkono wa shati la Stoo ulikuwa umechanika kutoka bega hadi kiwiko, na chini ya kitambaa palikuwa na alama za meno. Mbwa wa dampo walipomzunguka Kufuli, naye akakosa pa kukimbilia, aligeuka akamshika aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu ni bwana wake.

"Amekuuma!" Fundi alisema akiosha jeraha kwa maji na sabuni. "Twende hospitali."

"Ameshika shati."

"Shati lina damu?"

Alikubali kwenda, lakini alifunika kichwa kwa kofia hadi machoni, na alikaa mwisho kabisa wa benchi ili asionekane. Nesi alimuuliza kwa sauti ya juu, mbele ya wote waliosubiri, "Umeumwa na mbwa wa nani, baba?" Akajibu kwa sauti ya chini, "Wangu." Benchi zima likageuka. Walimchoma sindano, wakamwambia arudi kwa nyingine, na kwamba mbwa huyo asiyechanjwa aangaliwe vizuri. Alipofika nyumbani aliingia chumba cha ndani, na kuanzia siku hiyo Kufuli aliangukia mikononi mwa Fundi, yeye na kamba yake na matatizo yake yote.

*

Fundi alikwenda kwa kinyozi na beseni jipya. Kinyozi alilipokea, akaligeuza huku na huku kana kwamba anatafuta tundu.

"Ahsante. Lakini beseni halikuwa tatizo langu," alisema. "Njoo uone."

Bibi alikuwa chini ya meza, amejikunja kwenye gunia. Alipoiona sketi ya Fundi, ambayo bila shaka ilinuka Kufuli, alizidi kujibana ukutani.

"Hatoki nje. Anajisaidia humu humu ndani, katikati ya wateja. Jana mtu alikuja kunyoa ndevu, akanusa, akasema atarudi. Unajua 'nitarudi' ya mteja."

Fundi aliijua. Wateja wake mwenyewe walikuwa wameanza kusimama ng'ambo ya barabara na kuuliza kwa kupiga kelele kama nguo zao ziko tayari, ili wasimkaribie mbwa.

"Unataka nifanye nini, kaka? Nimchinje?"

"Nataka umfundishe." Kinyozi alikung'uta kitana. "Sikufanyii hisani, tuelewane. Nataka mbwa wangu arudi kizingitini. Huyu Bibi nilimwokota akiwa anaogopa hata kivuli chake. Nilimpeleka pole pole, ndiyo ikawa salama. Yule wenu mumeo kampeleka dampo. Dampo! Ni kama mtu hajui kuogelea, unamtupa kisimani halafu unashangaa mbona anakukaba shingo."

"Pole pole namna gani? Mwisho wa mwezi hauko mbali."

"Basi tusipoteze muda. Kesho asubuhi, kiwanja cha nyuma ya tangi la maji. Chemsha mapafu ya ng'ombe, ukate vipande vidogo. Na mbwa aje ana njaa."

Hivyo ndivyo Fundi, ambaye alikuwa na sare za shule zimerundikana hadi dirishani, alivyojikuta kila asubuhi kwenye kiwanja chenye majani makavu, nyama inanuka mfukoni mwa gauni, anamtazama mbwa anayemtazama mbwa. Kinyozi na Bibi walisimama upande ule, mbali kabisa, chini ya nguzo ya umeme. Yeye na Kufuli walisimama upande huu. Kazi ilikuwa nyepesi kuieleza, ngumu kuitenda. Kufuli akimwona Bibi na bado hajachemka, apewe nyama. Akitazama tena, nyama. Masikio yakisimama na mwili ukikakamaa, wageuke waondoke, bila kelele, bila kiboko, wakasimame mbali zaidi na kuanza tena.

"Usimvute!" kinyozi alipiga kelele kutoka ng'ambo.

"Simvuti!"

"Naiona kamba kutoka huku, imenyooka kama waya wa kuanikia nguo!"

Siku ya kwanza Kufuli alibweka mpaka mapovu. Siku iliyofuata alibweka vile vile. Siku nyingine alikataa nyama kabisa, akaigeuzia pua, na Fundi akashindwa kuelewa, mpaka aliporudi nyumbani na kumkuta mama mkwe anafuta sufuria kwa mkono.

"Mama, umempa nini huyu?"

"Nani?"

"Kufuli."

"Kidogo tu. Mabaki. Alikuwa ananiangalia."

"Wewe huoni vizuri, umejuaje anakuangalia?"

"Nilihisi," alisema kikongwe kwa heshima kubwa.

Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaweka kichwa juu ya mkono. Alikuwa na mbwa mwoga, mume aliyejificha, mama mkwe asiyejua kusema hapana, na kinyozi anayemsimamia kama mwalimu wa gwaride. Katika nyumba nzima aliyekuwa anakwenda kazini ni yeye, aliyekuwa anakwenda kiwanjani ni yeye, na aliyekuwa ananuka mapafu ni yeye.

Hata hivyo, pole pole, kitu kilianza kulegea. Asubuhi moja Kufuli alimtazama Bibi, halafu akageuza kichwa mwenyewe, akamtazama Fundi mfukoni. Kinyozi akasogea kidogo kutoka kwenye nguzo. Kesho yake akasogea tena. Wakaanza kutembea sambamba, kila mmoja na mbwa wake, kiwanja kizima kikiwa kati yao, kama watu waliogombana wanaokwenda msiba mmoja.

*

Kisha akatokea mbwa wa njiani. Hakuna aliyemjua, hakuwa na mtu wala kamba. Alichomoza nyuma ya tangi, akaja moja kwa moja anatikisa mkia. Kufuli alimwona wakati Fundi anaingiza mkono mfukoni. Kamba ilikuwa imezungushwa kiganjani, jambo ambalo kinyozi alimkataza kila siku. Alivutwa, akaanguka kifudifudi, akaburuzwa juu ya majani na kokoto. Kinyozi alikuja mbio akamfukuza mgeni kwa kofia yake.

Mfupa ulikuwa mzima, lakini kifundo cha mkono wa kulia kilivimba mpaka akashindwa kushika mkasi. Alirudi nyumbani, gauni limejaa vumbi, akayaona yale marundo ya sare, akaisikia redio ndogo kutoka chumba cha ndani. Akaingia huko bila hodi.

"Zima."

Stoo alizima. Aliuona mkono, akainuka. "Umefanyaje?"

"Mbwa wako amenibwaga. Wako wewe. Si wangu, si wa mama, si wa kinyozi. Ulimleta hapa ukanikabidhi kama mzigo wa nguo, ukaingia ndani ukafunga mlango. Nimesimama kiwanjani na nyama mfukoni, watu wanapita wananicheka. Nimeomba radhi kwa kila mtu mtaani. Nimenunua beseni! Sasa mkono huu haushoni. Sare zile zinatakiwa, na mama mwenye nyumba anatusubiri kama mwewe. Wewe unasikiliza nini humo kwenye redio? Kuna habari gani huko ambazo hapa hazipo?"

Kutoka kwenye mkeka mama mkwe alisema, "Mwanangu, punguza sauti, majirani."

"Wasikie, mama! Wamesikia mbwa mwezi mzima, wanisikie na mimi!"

Stoo alisimama katikati ya chumba, hajui aweke wapi mikono. Aliposema, alisema akitazama chini.

"Nikitoka watu wananiuliza kazi."

"Waache waulize. Hawakuumi."

"Wewe hujui."

"Sijui? Mimi niliyesimama barabarani na kandambili moja?" Fundi alikaa kitandani. Hasira ilikuwa imeisha ghafla, imebaki kuchoka tu. "Kesho mimi siendi. Siwezi hata nikitaka. Usipokwenda, mrudishe kule ulikomtoa, umfungie getini. Uchague mwenyewe."

Asubuhi Fundi alisikia mfuniko wa sufuria ya mapafu ukigonga, na Stoo akimwuliza mama yake kwa sauti ya chini, "Vipande vinakatwa ukubwa gani?"

*

Fundi alimfuata kwa mbali, mkono umefungwa kitambaa, kwa sababu hakumwamini. Alikaa juu ya jiwe karibu na tangi na kutazama. Stoo aliishika kamba kwa mikono yote miwili karibu kabisa na shingo ya mbwa, mabega yamepanda masikioni. Bibi alikuwa bado hajafika hata kwenye nguzo, Kufuli tayari anaunguruma.

"Umeona?" Stoo alipiga kelele kwa ushindi wa ajabu. "Hafundishiki!"

"Mbwa hajaona kitu bado," kinyozi alijibu. "Amekuona wewe. Umekakamaa hivyo, naye anasema basi kuna jambo hapa. Legeza."

"Nikilegeza atakimbia."

"Legeza, bwana. Shusha mabega. Pumua. Ongea nami kitu chochote."

"Tuongee nini?"

"Lile ghala lenu, wenyewe walihamia wapi?"

Hata kutoka kwenye jiwe Fundi aliona jinsi mumewe alivyokaza kamba, na Kufuli akalipuka papo hapo. Ilibidi waondoke, wakazunguka tangi, wakarudi. Wakaondoka tena. Fundi aliona aibu kama vile yeye ndiye aliyeulizwa, na hapo hapo aliona hasira, kwa sababu swali lilikuwa jepesi mno na mume wake alikuwa mtu mzima.

Siku zilizofuata Stoo alikwenda bila kuambiwa. Hakusema kwa nini. Alirudi na vumbi miguuni, akawa anaukunja mkono wa shati na kukata vitambaa kwa ajili ya Fundi, kwa kufuata mistari ya chaki, vibaya, halafu vibaya kidogo. Mama mkwe aliwekewa masharti makali: sufuria ilipandishwa juu ya kabati. Alilalamika kwamba nyumba imegeuka jela. Na kule kiwanjani, Bibi na Kufuli wakafika mahali pa kutembea upande kwa upande, wanaume wawili kati yao, mbwa pembeni. Siku moja wakaachiwa wanusane nyuma, kwa muda mfupi kama kusalimiana na mtu usiyemwamini. Kufuli alitetemeka mwili mzima, kisha akapiga chafya.

"Chafya ni nzuri," kinyozi alisema.

"Nzuri vipi?" Stoo aliuliza.

"Sijui. Lakini kupiga chafya si kuuma."

*

Siku ya chanjo uwanja ulijaa. Mbwa wa kila namna, wa kamba, wa minyororo, wa mikanda ya suruali, wengine wamebebwa kama watoto. Daktari wa mifugo alikaa kwenye meza chini ya turubai, msaidizi wake akipanga watu foleni kwa kipaza sauti. Kelele ilikuwa ya kupasua kichwa. Kufuli aliposikia tu, akiwa bado nje ya uwanja, alikaa chini akakataa kusogea.

"Turudi," alisema Stoo. Jasho lilikuwa linamtoka. "Huyu amemzoea Bibi peke yake. Hawa ni jeshi."

Fundi angeweza kulia. Alikuja akiwa amevaa gauni lake zuri, mkono umepona nusu, na moyoni alikuwa ameshapanga jinsi watakavyopita mbele ya mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa amekaa chini ya mwavuli wake karibu na turubai kuangalia.

"Haturudi," alisema. "Lakini hatuingii pia. Tukae pale ukutani."

Wakakaa ukutani, mbali, mahali Kufuli alipoweza kuwaona mbwa bila kuwaka. Foleni ilisogea. Kila mbwa aliyechanjwa alitoka kwa kupita mbele yao, na kila alipopita Stoo alitoa kipande cha mapafu. Mbwa mweusi, nyama. Mbwa wa madoa, nyama. Mbwa mdogo mwenye makelele, wakasogea nyuma hadi mtaroni, wakangoja, wakarudi. Jua lilipanda. Watu waliopita waliwatazama kama watu waliokosa mwaliko. Fundi alikwenda kwa msaidizi kuomba waachiwe hadi mwisho.

"Mama, kila mtu anafuata foleni," alisema yule kwa kipaza sauti, uwanja mzima ukasikia. "Mbwa wako ana nini cha pekee?"

"Anaogopa mbwa."

Watu waliangua kicheko. Mbwa anaogopa mbwa! Mmoja alimwuliza kama samaki wake wanaogopa maji. Fundi alisimama pale, uso unawaka, akasubiri wamalize kucheka, kisha akarudia vile vile: "Anaogopa. Tunaomba tuwe wa mwisho." Daktari aliinua macho mezani, akasema kwa uchovu, "Wa mwisho, sawa. Ni siku ya kuchanja, si ya kugombana."

Aliporudi ukutani alimkuta Stoo anazungumza na mtu. Alikuwa dereva wa zamani wa ghala, mtu wa sauti kubwa, ana mbwa wake mwekundu pembeni, karibu, karibu mno. Fundi alisimama. Hakuthubutu hata kuita.

"Stoo! Ndugu yangu, umepotea! Siku hizi uko wapi? Unafanya kazi gani?"

Kufuli alikuwa amemkazia macho mbwa mwekundu. Fundi aliutazama mkono wa mumewe. Aliona vidole vinaanza kujifunga, kisha, kwa juhudi iliyoonekana hadi kwenye shingo, vinafunguka. Kamba ikaning'inia.

"Sina kazi," alisema Stoo. "Tangu ghala lifungwe. Natafuta."

"Ah." Dereva alikuna kidevu. "Na mimi. Hii ni saa yangu ya kwenda kubeba mizigo kama nikibahatika. Nilidhani wewe ulipata."

"Sikupata."

Kufuli alitazama mbwa mwekundu, akatazama mfuko wa Stoo. Stoo akampa nyama. Dereva akauliza hiyo ni dawa gani, na Stoo akaanza kumweleza habari za umbali, na kugeuka kabla hajachemka, na kushusha mabega, anaeleza kwa mikono kama zamani alipokuwa akieleza mabati. Fundi alikaa chini ukutani kuwasikiliza.

Foleni ilipokwisha, walibaki kinyozi na Bibi, ambao walikuwa wamesubiri bila kuombwa. Wakaingia uwanjani pamoja, mbwa wawili ubavu kwa ubavu. Kufuli alipita mwendo wa kunyata, tumbo chini, akinusa ardhi iliyojaa habari za mbwa wote wa mtaa. Mezani alijikojolea kidogo. Bibi alichomwa kwanza, akapiga miayo. Kufuli akachomwa wakati anamtazama Bibi akipiga miayo, na kwa mshangao wa kila mtu, naye akapiga miayo.

"Huyu ndiye mbwa mkali?" daktari aliuliza, akimfunga kibati cha chanjo shingoni.

"Ndiye," alisema Fundi, kwa sauti iliyokuwa karibu na majivuno.

Wakati wa kutoka walipita mbele ya mwavuli. Mama mwenye nyumba alimwangalia Kufuli kutoka pua hadi mkia. Kando yake alilala mbwa wa jirani, na Kufuli alimpita kwa kugeuza kichwa, kama mtu anayepita mbele ya mdai. Hakutoa sauti. Fundi alingoja, maana baada ya yote hayo alifikiri anastahili neno moja, hata nusu.

"Sasa mbona habweki?" alisema mama mwenye nyumba. "Mwezi mzima hatukulala, leo kimya kama maji ya mtungi. Mbwa gani huyo? Wezi wakiingia kwenye ua wangu atafanya nini, atapiga miayo?"

Kinyozi aliziba mdomo kwa kofia. Maneno yote aliyoyajua Fundi yalimjia kwa pamoja, na hata moja halikufaa kwa mtu aliyempa chumba cha kukaa.

Stoo ndiye aliyejibu, yeye ambaye tangu ghala lifungwe hakuwahi kumtazama mama huyo usoni. "Wakija wezi, mama, nigongee mlango mimi. Nipo nyumbani mchana kutwa, mpaka nipate kazi."

Mama mwenye nyumba aliufunga mwavuli wake kwa haraka, ingawa jua lilikuwa bado kali. Fundi akamshika mumewe kwa mkono wake mzima, akamgeuza waelekee nyumbani, maana sare zilikuwa bado hazijaisha, na mama mkwe, akiachwa peke yake kwa muda mrefu hivyo, pengine alikuwa ameshapanda juu ya kiti kuifuata sufuria kabatini.